Redio au Televisheni? Ulinganisho kwa Mkazi wa Dar Anayetafuta Muziki wa Asili na wa Mbali

Dar es Salaam haina njaa ya muziki. Daladala inapiga, saluni inapiga, duka la simu Kariakoo limetoa spika mbili nje, na harusi ya jirani itakesha. Shida ni kwamba vyote hivyo vinazunguka kwenye nyimbo zilezile za msimu. Anayetaka kusikia zeze la Wagogo, taarab ya kabla ya vinanda vya umeme, kora ya Mali, yaani kinubi cha nyuzi nyingi, au qawwali ya Pakistani, nyimbo za ibada za Masufi, ajue mwenyewe pa kuelekea, maana mambo hayo hayatamfuata barabarani.

Nimeandika kwa ajili ya mtu huyo. Nalinganisha redio na televisheni, za hapa na za nje, kwa kipimo kimoja: kipindi kikiisha, umebaki na jina? Jina la mpigaji, la kikundi, la kijiji, au angalau la chombo kilichopigwa. Wimbo mpya wa Bongo Fleva ukikupita asubuhi utausikia tena mchana na jioni. Ngoma ya Wasandawe ikikupita bila jina, imekwenda. Ukiwa na jina unaweza kuuliza, kutafuta mtandaoni, au kumpigia mjomba aliyeko Kondoa akakueleza mengine.

Hukumu yangu naitoa mapema ili asiye na muda aondoke nayo. Kwa kugundua muziki usioujua, redio inashinda, mradi iwe redio yenye mtangazaji anayejua anachokipiga. Televisheni inashinda mahali pamoja, ila mahali penyewe ni pakubwa: ngoma za kuchezwa.

Redio ya taifa na redio za FM

Tuanze na TBC Taifa, kwa sababu hakuna stesheni nyingine nchini yenye historia kama yake. Matangazo yalianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1965 yakawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ambayo wazee wetu bado wanaitaja kwa jina hilo hadi leo. Kwa miongo mingi nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi iliyotaka santuri ilifunga safari kwenda Nairobi. Iliyotaka tu kusikika nyumbani ilikwenda studio za RTD, Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere. NUTA Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, baadaye Mlimani Park, wote walipita humo. Mafundi wa redio walitoka pia kwenda mikoani na mashine zao kurekodi ngoma na kwaya. Kanda zile hazikutengenezwa ziuzwe dukani, zilitengenezwa zipigwe hewani. Ndiyo maana hadi leo kuna nyimbo ambazo huwezi kuzinunua popote, lakini unaweza kuzisikia redioni ukiwa jikoni unachambua mchele.

Hapo ndipo redio ya taifa inapozizidi zote. Ina maktaba. Stesheni ya FM iliyoanzishwa miaka ya 2000, hata mmiliki wake awe na mapenzi kiasi gani, inategemea kilichokwisha kuwa kwenye kompyuta, yaani kilichowahi kuuzwa au kupakiwa na mtu. Redio ya taifa inategemea pia kile kilichorekodiwa na wafanyakazi wake wenyewe.

Chukua mfano ambao kila mtu mzima wa nchi hii anaujua hata kama hajui kwamba anaujua. Ngoma zilizotangulia taarifa ya habari ya RTD zilipigwa na Mzee Morris Nyunyusa, mtu asiyeona, ambaye alipanga ngoma nyingi mbele yake na kuzipiga zote peke yake. Watu wamesimamisha mazungumzo, wameshusha kijiko mezani, wamenyamazisha watoto kwa sababu ya mikono ya mzee yule. Ukikaa na kuzisikiliza zenyewe, si kama kengele ya kuitia habari, utaona kila ngoma ina sauti yake, na kwamba anazifanya ziulizane na kujibizana. Ukitaka kuanza safari hii, anza naye, kwa sababu tayari yumo kichwani mwako.

Redio binafsi ziliingia kuanzia mwaka 1994, na ubora wake uko kwingine. Sauti ni safi, watangazaji ni wachangamfu, na nyingi zina kipindi cha zilipendwa mwisho wa wiki. Vipindi hivyo navipenda, lakini tusivichanganye na muziki wa asili. Zilipendwa karibu zote ni dansi: magitaa, saksafoni, ngoma za kizungu. Ukitafuta Vijana Jazz na Maquis umefika. Ukitafuta marimba ya mkono, utasubiri sana.

Kuna jambo moja ambalo redio za FM za Dar zimelifanya vizuri kuliko redio ya taifa, na halisifiwi vya kutosha. Zimeupa nafasi muziki wa mitaa ya jiji hili hili. Mdundiko wa Wazaramo, ngoma inayotembea mtaa kwa mtaa ikikusanya watu njiani, ulikuja kuzaa ndugu zake wa mjini, mnanda na mchiriku, wenye kinanda kidogo cha betri na manyanga. Kutoka huko ikaja singeli ya Manzese na Tandale. Kwa miaka muziki huo ulionekana wa kihuni, ukaishia kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku za mitaani, na kanda za kudurufiwa. FM ziliposhika singeli na kuipiga mchana kweupe, vijana wakapata kuisikia bila kwenda kwenye kigodoro. Wapo watakaokataa kuiita ya asili. Mimi nasema muulize Mzaramo mtu mzima anayejua mdundiko, halafu mpigie singeli iliyopunguzwa kasi. Atakuonyesha mwenyewe wapi zinakutana.

Suala la lugha nalo linabadilisha uchaguzi. Jirani zetu Kenya na Uganda wana stesheni zinazotangaza kwa lugha za makabila saa 24, na humo muziki wa asili unapigwa asubuhi hadi usiku. Hapa kwetu redio hutangaza kwa Kiswahili, Kiingereza kikifuatia. Ukitaka siku nzima ya Kisukuma hewani, hutaipata. Faida yake ni kwamba wimbo wa Kigogo au Kiha ukipigwa, mtangazaji analazimika kumweleza kila mtu unasema nini, kwa Kiswahili. Msikilizaji wa Mbagala ambaye hajafika Kasulu anaeleweshwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli aliimba kwa Kihaya, na Dar nzima ikaimba naye, wengi wao hawajui neno la Kihaya hata moja. Redio ndiyo iliyomfikisha.

Udhaifu nao upo, tena wa kuudhi. Kipindi cha ngoma za asili ndicho cha kwanza kukatwa ikitokea mechi au hotuba. Kuna stesheni niliyoifuatilia ikahamisha kipindi hicho kutoka jioni hadi alfajiri bila tangazo, na nikakipoteza kwa muda mrefu. Wengine wanapiga nusu ya wimbo, mtangazaji akaanza kusoma salamu juu ya sauti ya mwimbaji. Ukikuta kipindi ambacho wimbo unaachwa uishe na jina linatajwa mwanzo na mwisho, kishike hicho, hata kama kiko saa ambayo haikufai.

Jambo dogo la kusikiliza kwa karibu

Marimba ya Wagogo, wanayoiita ilimba, ina tundu kwenye boksi lake ambalo hufunikwa kwa utando mwembamba wa buibui. Chuma kikiguswa, utando ule unatetemeka na kutoa mvumo kama wa nyuki juu ya kila noti. Kwenye redio ndogo ya betri mvumo ule unasikika kama spika iliyopasuka, na nimeona watu wakiigonga redio yao kwa kiganja wakidhani imeharibika. Haijaharibika. Ule mvumo umewekwa makusudi, na bila huo Mgogo atakuambia chombo hakijakamilika.

Kwa hiyo kama una uwezo wa kuchagua chombo cha kusikilizia, epuka spika ya simu. Spika ya simu inakula sauti za chini zote. Ngoma kubwa inabaki mlio wa kugonga meza. Simu nyingi za bei ya kawaida bado zina redio ya FM inayotumia waya wa hedifoni kama antena, haili bando hata kidogo, na kwa hedifoni hizo hizo utasikia mvumo wa ilimba na pumzi ya mpiga filimbi. Kwa muziki huu hedifoni za kawaida zinaishinda televisheni ya inchi 50 yenye spika zilizobanwa nyuma ukutani.

Televisheni inaposhinda

Bara tulikaa muda mrefu bila televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya mwanzo ya 1970, tena ya rangi, sisi huku tukasubiri hadi 1994. Pengine ndiyo sababu tumeizoea kama kitu cha habari, mpira na tamthilia, na muziki wa asili ukaja kupewa kona.

Hata hivyo kuna ngoma ambazo redio haiwezi kukupa. Wanawake wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma yenye kiuno chembamba inabanwa mapajani, na mpigaji anacheza nayo bila kuiachia. Ukisikia redioni utajua ni ngoma kali. Ukiona utajua kwa nini sauti inabadilika kila anapoinama. Bugobogobo ya Wasukuma ni ngoma ya majembe: wachezaji wanayarusha na kuyadaka kwa pamoja, na pigo linatokana na kazi ya shamba yenyewe. Ngoma za vinyago za Wamakonde, sindimba, ngoma za nyoka za wale mafundi wa Usukumani, zote redioni hubaki nusu. Huwezi kudai umeijua sindimba kwa masikio tu.

Lakini angalia televisheni inavyozionyesha. Mara nyingi ni sekunde chache nyuma ya mgeni rasmi anayeshuka garini, kikundi kinacheza, mtangazaji anamtaja mgeni, wasaidizi wake, hali ya hewa, kila kitu isipokuwa kikundi. Jina halimo kwenye maandishi ya chini ya kioo. Kwa kipimo changu, hapo televisheni imeshindwa hata kama picha ilikuwa nzuri.

Nafasi iliyo bora, na watu wengi hawaitumii, ni matangazo ya moja kwa moja ya sherehe za kitaifa: Muungano tarehe 26 Aprili, Uhuru tarehe 9 Desemba. Vikundi vya ngoma huingia uwanjani na kucheza kwa dakika kadhaa bila kukatwa, na mshereheshaji hutaja kikundi na mkoa kinapoingia. Hutaja mara moja tu. Kaa na kalamu. Nimepata majina mengi ya vikundi vya Mtwara na Dodoma kwa njia hiyo kuliko kwa kipindi chochote cha burudani.

Chaneli za muziki za saa 24 tuzipite haraka. Zimetengenezwa kwa video mpya, na kwa kazi hiyo ziko vizuri. Kama unatafuta muziki wa asili, bonyeza mbele.

Filamu za maelezo ndizo hazina ya televisheni. Zikionyeshwa, na huwa zinaonyeshwa usiku au mchana wa siku za kazi, utapata vyote viwili: mtu anacheza, na mtu anaeleza anacheza nini na kwa nini. Dakika 30 za namna hiyo zina thamani kuliko mwezi mzima wa vipande vya habari. Tatizo ni kuzipata. Ratiba kwenye kisimbuzi huandika jina la kipindi tu, halafu mara nyingi kwa Kiingereza. Weka utaratibu wa kupitia ratiba ya wiki Jumapili jioni, maana ukitegemea bahati hutaona kitu.

Taarab peke yake

Taarab naitenga kwa sababu hukumu yake ni tofauti kidogo. Ukitaka taarab asilia, ya udi, kanuni (chombo cha nyuzi nyingi), fidla na dumbaki, chagua redio kwanza. Kinachobeba taarab ni shairi, na shairi linasikilizwa macho yakiwa yametulia. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na watu wa mwambao wakamjua kupitia santuri, wengi wao hawakuwahi kumwona. Ikhwani Safaa ya Zanzibar ipo tangu mwaka 1905, na nyimbo zake bado zinapigwa hewani jioni jioni.

Televisheni ya Zanzibar, kama kisimbuzi chako kinaibeba, ina faida moja kubwa: inaonyesha okestra nzima imekaa, na kamera huweza kutulia kwa mpiga kanuni. Ukiona vidole vikiruka juu ya nyuzi zile zote, halafu kesho yake usikilize redioni, utaanza kuitambua kanuni ndani ya kundi la vyombo 15. Kwa hiyo kwa taarab nashauri uone mara chache, usikilize mara nyingi. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, ni wa kuonekana pia: alivyosimama na ngoma yake ya unyago hakuna sauti ya redio inayoweza kukueleza.

Rusha roho na mipasho ya vikundi vya kisasa ni mambo ya ukumbini na ya televisheni: kutunza, mavazi, nani anamwangalia nani. Huko redio ndiyo inayobaki nusu.

Muziki wa mbali

Hapa uchaguzi unakuwa mgumu, kwa sababu stesheni zetu hazipigi muziki wa mbali ila Kongo, Nigeria, Afrika Kusini, Marekani na filamu za Kihindi. Si kidogo, lakini dunia ni zaidi ya hapo. Na sisi ni watu wa kupokea: santuri za Kuba zilipoingia Afrika Mashariki zamani, Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba, na rumba ile ikawa yetu.

Idhaa za Kiswahili za nje, BBC, DW, RFI, ni za habari. Muziki unaingia kama kipande katikati ya makala. Usizitegemee kwa jambo hili, ingawa makala moja nzuri kuhusu msanii wa Senegal inaweza kukufungulia mwezi mzima wa kutafuta.

Kwa anayeelewa Kiingereza, shule kubwa imekuwa redio. Charlie Gillett alikuwa na kipindi cha muziki wa dunia BBC World Service hadi alipofariki mwaka 2010, na hata mwenye redio ya masafa mafupi Magomeni aliweza kumsikia. Alipiga wimbo wa Mali, kisha wa Ureno, kisha wa Kolombia, akitaja jina mwanzo na mwisho, hana haraka. Radio 3 ya BBC nayo kwa miaka imekuwa na vipindi vya namna hiyo, ingawa namna ya kuipata nje ya Uingereza hubadilika, na vipindi vilivyokwisha kurushwa mara nyingi havifunguki kwetu. Afropop Worldwide ya Marekani, iliyoanza mwaka 1988, ni rahisi zaidi: vipindi vyake vingi vipo mtandaoni bure. Mtangazaji wake Georges Collinet amezaliwa Kamerun, na wamefika Zanzibar, wameitangaza Sauti za Busara, tamasha la kila Februari lililoanza mwaka 2004. Ukijua Kifaransa, RFI ina Couleurs Tropicales ya Claudy Siar. Inaegemea muziki unaovuma, lakini Afrika Magharibi na visiwa vya Karibi vinapata haki yao.

Sasa sikiliza jambo linaloniuma na kunifurahisha kwa pamoja. Hukwe Zawose, Mgogo, bingwa wa zeze na ilimba, alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kama kilomita 70 kutoka Dar. Santuri zake zilitolewa Uingereza na Real World, kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel, na redio za huko zilimpiga. Alifariki mwaka 2003. Nawajua watu wa Sinza na Kimara waliomjua kwanza kupitia redio ya London, kisha ndipo wakauliza Bagamoyo iko upande gani. Familia yake inaendelea: mwanawe Msafiri anarekodi, na wanawake wa ukoo huo, Zawose Queens, walitoa albamu yao mwaka 2024 kwa kampuni ile ile. Ukisikiliza redio ya nje kwa mwaka mzima, usishangae ikikurudisha Dodoma.

Televisheni ya nje kwa muziki wa mbali ni ya kubahatisha. Coke Studio ya Pakistani, iliyoanza mwaka 2008, ni mfano wa kilicho bora: qawwali na nyimbo za asili za Sindh na Punjab zinapigwa studio, picha safi, majina ya wapigaji yameandikwa. Wengi wetu tunaiona mtandaoni badala ya kwenye kisimbuzi. Kasoro yake ni kwamba muziki umepambwa, kuna magitaa na ngoma za kizungu, kwa hiyo ukiona hapo, tafuta baadaye ule usiopambwa.

Halafu kuna Radio Garden, iliyoanza mwaka 2016 kama tovuti na sasa ni programu ya simu pia: unazungusha dunia kwa kidole, unagusa Bamako au Nouakchott, unasikia stesheni ya huko moja kwa moja. Kwa kugundua ladha, hakuna kama hiyo. Kwa kipimo changu cha jina, inaanguka, kwa sababu mtangazaji anaongea Kibambara na mimi sijui alichosema. Ninaitumia usiku, bila kutafuta chochote, na nikivutiwa sana ninaandika jina la stesheni na saa, kisha natafuta ukurasa wao. Inakula bando polepole kuliko video. Kwa mtu wa vifurushi vya siku, saa moja ya redio ya mtandaoni inalipika, saa moja ya video ni kilio.

Ya kufanya ukishachagua

Programu za simu za kutambua wimbo, zile unazoisikilizisha redio ikakuambia jina, hazitakusaidia sana na ngoma za asili. Zinatambua kilichowahi kuuzwa mtandaoni, na kanda za RTD nyingi hazimo. Njia inayofanya kazi ni ya kizamani. Mtumie mtangazaji ujumbe. Mimi niliandika mara moja, "Shikamoo mzee, ile ngoma ya filimbi uliyoanza nayo ni ya wapi?" Akaisoma hewani na kujibu palepale: "Marahaba mwanangu, hiyo ni ya Wanyaturu, Singida, na wiki ijayo nitakupigia nyingine." Wiki iliyofuata akaipiga kweli. Hakuna televisheni iliyowahi kunijibu hivyo.

Rekodi pia. Simu ya pili kando ya redio inatosha, kwa matumizi yako ya nyumbani. Ukirekodi, sema mwenyewe tarehe na jina la kipindi mwanzoni, vinginevyo baada ya mwezi una faili 40 zisizo na mwenyewe.

Kwa anayetaka kwenda mbali zaidi ya vipindi, Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake akirekodi, Dodoma hadi Dar es Salaam, na kazi yake imehifadhiwa kwenye maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Jina ulilolipata redioni unaweza kulitafutia babu yake humo. Na ukitaka kuona kwa macho bila kioo katikati, Kijiji cha Makumbusho, hapa Dar es Salaam, kina maonyesho ya ngoma.

Kwa mtu aliyeko foleni asubuhi na jioni, uamuzi ni rahisi: redio, na achague vipindi viwili tu avifuatilie, asihangaike na kumi. Fundi cherehani, mama lishe, mlinzi wa usiku, wote ni redio pia, tena wao ndio wenye bahati, kwa sababu vipindi bora vya aina hii mara nyingi vimesukumwa saa ambazo wenye ofisi wamelala au wako kazini. Mwalimu au kiongozi wa kikundi cha sanaa anayetaka kufundisha ngoma ya mkoa fulani, televisheni na video, asidanganyike kwamba sauti inatosha. Mguu ukikosea, ngoma imekuwa nyingine. Mwanamuziki anayetafuta mawazo mapya aende redio za nje kwanza, akirudi apitie kanda za hapa, maana masikio yakishazoea kora ya Mali, zeze la Dodoma linasikika tofauti.

Wenye watoto nyumbani nawashauri waanze na picha. Mwonyeshe mtoto bugobogobo, majembe yanavyopaa, atauliza mwenyewe. Akishauliza, zima televisheni, washa redio siku ya kipindi, mwambie asikilize ni ngoma ngapi zinapigwa. Wa kwangu walianza kubishana kama ni tatu au nne, na ubishi huo bado haujaisha.